Mazungumzo ya Karakana: Juu ya Lugha ya Mafundi na Hukumu ya Picha za Tingatinga

Makusudi ya makala haya ni kuuliza kwa nini picha za Tingatinga, zinazojulikana karibu dunia nzima, zimepimwa mara chache sana kwa Kiswahili, ijapokuwa zilizaliwa ndani ya Kiswahili na hutengenezwa mpaka leo na watu wanaozungumza Kiswahili mchana kutwa huku mikono yao ikifanya kazi. Mashairi yetu yamepata wahakiki. Mizani na vina vimehesabiwa, maneno ya kale yamefafanuliwa, na mabishano juu ya bahari za utungo hayajaisha. Picha tumewaachia wageni, nasi tumeridhika kuyatafsiri maneno yao.

Maneno hayo, yakikusanywa, hayazidi mawili. La kwanza ni sifa: rangi changamfu, wepesi kama wa mtoto, furaha ya Afrika. La pili ni lawama: kwamba mafundi wanaigana, kwamba aliyeona picha moja ya chui amekwisha kuona mia, na kwamba hiyo ni sanaa ya uwanja wa ndege, yaani bidhaa ya msafiri aliyebakiwa na fedha kidogo mfukoni. Nathubutu kusema kwamba sifa hiyo na lawama hiyo zina asili moja. Zote mbili huitazama picha kana kwamba ni kazi ya mtu aliye peke yake mbele ya ubao, anayetoa moyoni mwake kitu ambacho hakijapata kuonekana. Mtu wa namna hiyo akikosekana, mwenye kusifu humfanya fundi kuwa mtoto, na mwenye kulaumu humfanya kuwa mwigaji. Mimi naona kwamba picha hizi ni mazungumzo, na kwamba haziwezi kuhukumiwa kwa haki mpaka zisomwe kama yanavyosomwa mazungumzo: nani alianza kusema, nani alimjibu, na katika kujibu aliongeza nini.

Habari za mwanzo ni mashuhuri, nitazipita upesi. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika sehemu za Tunduru, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam. Mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya mraba vya ubao mwembamba wa dari, karibu sentimita 60 kila upande, akitumia rangi ya mafuta inayong'aa, ile ambayo watu huiita rangi ya baiskeli. Kazi zake ziliuzwa Oysterbay, penye maduka ya Morogoro Stores, na wanunuzi walikuwa hasa wageni waliokaa katika mtaa ule. Hakudumu. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu, akafa. Muda wake wa kuchora ulikuwa kama miaka 4 tu. Lakini katika muda huo alikwisha kujikusanyia wanafunzi, wengi wao jamaa zake. Miongoni mwao walikuwamo Omari Amonde, Ajaba Abdallah Mtalia, Simon Mpata, January Linda, Adeusi Mandu na Kasper Tedo. Baada ya kifo chake hao walishikamana, na mwaka 1990 umoja wao ukawa chama cha ushirika kamili.

Basi mtu mmoja alichora kwa miaka 4, na jamaa yake wamechora kwa zaidi ya miaka 50. Kisarufi jambo hili limekwisha kuamuliwa na wasemaji wenyewe, kwa sababu jina la mtu limekuwa jina la aina: watu husema "picha ya tingatinga" wala hawamkusudii marehemu. (Kiswahili kina tingatinga jingine, ule mtambo mzito wa kulimia na kusawazisha ardhi, watani hawakosi kulitumia.)

Tuanze na maneno, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Kitenzi kuchora, katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, hupewa kwanza maana ya kukata nakshi, na baada yake ile ya kupiga mistari na kuandika sura ya kitu. Mkono unaochora, kwa asili ya neno, ni ndugu wa mkono uliotia nakshi milango ya Unguja na Lamu. Lugha kadhaa za Ulaya hutenga kitenzi cha kupiga mistari na kitenzi cha kupaka rangi, na tofauti hiyo si ndogo kwao: katika karne ya 16 wataalamu wa Florence na wa Venice walibishana sana kwamba kilicho bora katika picha ni mistari au ni rangi. Kiswahili hakikuona haja ya kutenga, na mafundi wa Tingatinga vile vile. Kwao mstari ni rangi ile ile iliyokuwa tumboni mwa mnyama, kwa burashi nyembamba zaidi. Mhakiki anayewalaumu kwamba hawakujifunza kuchora kabla ya kupaka anawauliza swali ambalo lugha yao haikuliuliza.

Neno sanaa lina historia yenye kufundisha zaidi. Tulilipokea kutoka Kiarabu, katika shina lenye maana ya kutengeneza na kufanya kwa ustadi wa mkono. Ajabu ni kwamba Waarabu wenyewe hulitumia shina hilo leo kwa mambo ya viwanda, na kwa picha na muziki wana neno jingine, ambalo nasi tunalo kwa sura ya fani. Sisi tuligeuza. Kile ambacho Mwarabu hukiita kwa neno la wazuri wa maumbo tulikiita kwa neno la mafundi wa viwandani, na fani tukaiweka katika madarasa ya fasihi, ikakaa pamoja na maudhui. Sidhani kwamba hilo lilitokea kwa bahati tu. Msemaji wa pwani alipotafuta jina la kazi nzuri alilitafuta mikononi.

Ama fundi, hilo ni letu wenyewe. Latoka katika kufunda, pamoja na kufundisha, fundisho na mwanafunzi. Na kungwi anayemfunda mwali hutumia kitenzi hicho hicho. Kwa hiyo katika neno hili kujua kazi na kumpa mwingine kazi hiyo havikutenganishwa. Fundi asiye na mwanafunzi ni kama ana upungufu. Yeyote aliyekaa na maseremala au washona nguo ajua utaratibu: kijana huanza kwa kutumwa, kisha hupewa sehemu isiyoharibika kwa urahisi, kisha sehemu ngumu, na siku atakapomaliza kitu kizima kwa mkono wake mwenyewe ndipo atakapoitwa fundi, mara nyingi kwa mzaha kwanza na kwa kweli baadaye. Wachoraji wa Oysterbay hawakuanzisha utaratibu mpya. Walichukua ule wa karakana zote za nchi hii.

Na neno karakana, lililotufikia kutoka upande wa Uajemi, maana yake ni nyumba ya kazi. Siku hizi wengi husema studio. Sina ugomvi na neno hilo, ila ni vema kukumbuka kwamba kwa Waitalia lilikuwa na maana ya masomo, kisha chumba cha mtu kujitenga na kusoma. Ni maneno mawili yenye picha mbili za binadamu: mmoja amefunga mlango, mwingine amekaa na wenzake penye hewa. Yafaa mhakiki ajue amesimama katika nyumba ipi.

Nimekwisha kusema kwamba picha hizi ni mazungumzo, na msomaji aweza kudhani nasema kwa mfano tu. Sivyo. Sababu mojawapo imo ndani ya kopo la rangi. Rangi ya mafuta hukauka polepole. Fundi akiupaka ubao mzima rangi ya chini, nyekundu au samawati au manjano inayofifia kuelekea juu, hana budi kungoja kwa saa nyingi kabla ya kumweka mnyama juu yake; akimweka mnyama, hungoja tena kabla ya kutia madoa, macho na mstari wa pembeni. Hakuna mtu maskini awezaye kukaa bure saa hizo zote. Kwa hiyo huwa na mbao nyingi kwa wakati mmoja, moja ikikauka nyingine ikipakwa, na zilizo mbichi husimamishwa mahali ambapo kila mpitaji huziona. Tena kopo likiisha kufunguliwa rangi hufanya utando na kuharibika, basi ni akiba kulitumia pamoja: mwenye nyekundu humpa jirani, naye huchukua nyeupe. Haya yote huwalazimisha watu kukaa karibu, kutazamana kazi, na kunena. Kungoja ndiko kulikofanya baraza.

Na baraza lina kanuni zake za kusema. Mafundi wa kwanza walikuwa watu wa kusini, na kusini, kama bara zima la Tanzania, kuna utani: utani wa kabila na kabila, na utani wa ukoo, wa babu na mjukuu, wa shemeji na shemeji. Wataalamu wa desturi wameandika mengi juu ya utani mazikoni na arusini. Juu ya utani kama njia ya kuhakiki kazi sikumbuki kusoma mengi, nami naona hapo ndipo ulipo uhakiki wa kweli wa picha hizi. Mwanafunzi hawezi kumwambia mzee wake kwamba tembo wake ana miguu ya meza. Mjukuu aweza, na shemeji aweza, na kila mtu atacheka, na mzee mwenyewe atacheka, na kesho yake miguu ya tembo itakuwa imebadilika. Hukumu imetolewa, nayo imetiiwa, wala hakuna aliyevunjiwa heshima. Kwa upande mwingine sifa ni chache na fupi. "Mkono wake huo" ni maneno yanayotosha kusema kwamba picha imetambulika bila kusomwa sahihi. Hapa tena lugha yapinga dhana ya kwamba wote ni sawa: katika karakana inayosemekana kuwa haina mtu binafsi, kuna neno mkono, na kila mkono una mwenyewe.

Sasa nije kwenye lawama ya kuigana. Wakosoaji hutumia kitenzi kimoja, kuiga, na kwa kuwa kitenzi hicho katika Kiswahili kina harufu ya dharau, hukumu hutolewa kabla ya kesi kusikilizwa. Lakini lugha yetu si maskini hivyo. Tuna kunakili, kazi ya mwandishi anayetaka nakala iwe sawasawa na asili, herufi kwa herufi. Tuna kufuata, ambako mtu huwa nyuma ya mwingine katika njia moja akiwa na mwendo wake. Na tuna kuitikia, ambako mmoja huanza na wengine hujibu, na wimbo hauwi wimbo mpaka waitikiaji wameingia. Hivyo ni vitendo vinne, na mhakiki anayevitia vyote katika kapu la kuiga ni kama mtu asiyeweza kutenga salamu na jibu lake.

Wasomi wa ushairi wa Kiswahili watanielewa haraka zaidi, kwa sababu jambo hili tulikwisha kulitatua zamani katika utungo. Takhmisi ni nini? Mshairi huchukua ubeti wa mwenzake wenye vipande viwili, huongeza vipande vitatu vyake mbele, kwa kina kile kile, na vitano hivyo huwa ubeti mpya. Takhmisi ya utungo unaonasibishwa na Liyongo, ambayo nayo hunasibishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, ni miongoni mwa tungo za kale zinazoheshimiwa kuliko nyingi zilizotungwa upya kabisa. Sijapata kumsikia mtu akisema kwamba Sayyid Abdallah aliishiwa na mawazo. Vile vile Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana na washairi wa zama zake, na majibu yake hayasomeki vema pasipo kujua alichojibu. Kipimo chetu katika mambo hayo hakikuwa upya wa kitu. Tuliuliza kama kilichoongezwa kimekaa, kama kimeigeuza maana ya kile cha kwanza, na kama mtungaji amejifunga katika kina ambacho mwenzake alikichagua na bado akasema neno lake.

Nikichukua kipimo hicho karakanani, naona mambo ambayo sifa na lawama za wageni hazikuyaona. Katika picha za Tingatinga mwenyewe kwa kawaida mnyama ni mmoja, mkubwa, ameujaza ubao, na nyuma yake hakuna kitu ila rangi tupu. Huo utupu ndio ubeti wa kwanza. Tazama sasa David Mzuguno alivyoujibu. Ndege ni wale wale wa jadi ya karakana, lakini uwanda mtupu umekwisha. Jani limelala juu ya jani, ndege nyuma ya ndege, mpaka jicho halipati mahali pa kupumzika wala pa kutokea. Ukizitazama picha za Mzuguno peke yake utasema ni mapambo mazuri. Ukizitazama huku ukiukumbuka uwanda mtupu wa mwanzo, utaona kwamba ni hoja: mmoja alisema mnyama anatosha, mwingine akasema mnyama hajulikani bila msitu wake. Mohamed Charinda alijibu kwa njia nyingine kabisa. Aliwaleta watu, kijiji na visa vyake, mashetani wakiwamo, na ubao uliokuwa mahali pa kuonyeshea mnyama ukawa mahali pa kusimulia. Zile picha za hospitali, zilizojaa vitanda, wauguzi, wagonjwa na jamaa waliobeba vyakula, ambazo mafundi wengi wamezichora kila mmoja kwa namna yake, ni tawi la jibu hilo. Anayezitazama tano kwa pamoja husoma shairi la kupokezana. Anayeiona moja tu amesikia ubeti mmoja kupitia dirishani.

Lakini kipimo hiki kina makali pande zote, nami sitaki kukitumia kwa kusifu tu. Takhmisi mbovu ziko, na picha mbovu ni nyingi. Dalili zake ni rahisi kuziona. Tazama madoa ya chui. Katika kazi nzuri madoa hufuata mwili: huwa makubwa mgongoni, husongamana shingoni, hujipinda pamoja na paja, na kwa hayo tu, bila kivuli hata kimoja, twaona kwamba chini ya ngozi kuna mnyama. Katika kazi mbovu madoa yamepangwa sawasawa kama ya kanga, na mstari wa pembeni umekata popote ulipopita. Fundi huyo hakumjibu mtu. Alinakili, tena alinakili nakala ya nakala. Nimewaona twiga ambao shingo zao zimepindwa kwa sababu tu twiga wa kwanza alipindwa, ilhali yule wa kwanza alipindwa ili aenee katika mraba, na huyu amechorwa juu ya turubai ndefu ambako angeweza kusimama wima kwa raha zake. Hilo ni sawa na mtu anayetumia neno la kale kwa sababu ya kina, mahali pasipo na kina.

Soko ndilo lililofanya nakala ziongezeke, na ni rahisi kulilaumu. Lakini yafaa kukiri kwamba mnunuzi alikuwa katika mazungumzo tangu siku ya kwanza. Ushahidi mzuri twaupata kwa jirani zao, Wamakonde wachongao mpingo. Hadithi inayosimuliwa juu ya asili ya sanamu za shetani yasema kwamba Samaki Likankoa, mnamo mwisho wa miaka ya 1950, alikuwa na sanamu iliyovunjika mkono; akaipeleka kwa mfanya biashara Mohamed Peera mjini Dar es Salaam, na Peera, badala ya kuikataa, alipendezwa nayo na kumhimiza achonge nyingine za namna hiyo. Kama kisa kilitukia hivyo hasa au kimenyooshwa na wasimulizi, maana yake ni ile ile: mtindo mzima ulizaliwa katika kikao cha fundi, muuzaji na kitu kilichoharibika. Na mtindo wa watu waliobebana, mmoja juu ya mwingine mpaka wakawa nguzo, ambao huhusishwa na Roberto Yakobo Sangwani aliyetoka Msumbiji, kwa Kimakonde uliitwa dimoongo. Leo karibu kila mtu huuita ujamaa. Neno hilo la pili lilikuwa na maana ya undugu kabla halijabeba maana ya siasa katika kijitabu cha Mwalimu Nyerere cha mwaka 1962 na katika Azimio la Arusha la mwaka 1967, na sanamu zilipolipokea zilipokea maana zote mbili. Hapo msemaji aliyempa fundi neno alikuwa taifa. Je, tuseme kwamba dimoongo ni asili na ujamaa ni uongo wa wauzaji? Mimi siwezi. Jina jipya liliwafanya wachongaji wengine watie katika nguzo ile watu wasiokuwamo zamani, na hayo ndiyo niliyoyaita majibu.

Mpaka wa karakana hizi mbili, ya mpingo na ya rangi, haukuwa ukuta. George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 na kufa mwaka 2005, alikuwa Mmakonde mchongaji. Akiwa Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972, aliwatoa mashetani wake katika mti akawatia katika rangi inayong'aa, juu ya ubao, kama majirani zake wa Oysterbay. Sifa zake zilienea Ulaya, Marekani na Japani kwa jina la mtu mmoja mwenye kipaji cha pekee, na kipaji alikuwa nacho bila shaka. Lakini katika miaka yake ya mwisho, ugonjwa wa kisukari ulipomdhoofisha, vijana wa karakana yake walishiriki sana katika kupaka. Watoza picha wengine walifadhaika walipolijua hilo. Kwa nini wafadhaike? Kwa sababu walinunua studio, na kitu walichouziwa kilitoka karakanani. Mwenye kuijua maana ya fundi hakuona ajabu. Ajabu ingekuwa Lilanga afe bila mtu wa kushika burashi yake.

Hata hivyo pana jambo ambalo takhmisi inayo na karakana haina, na hapo ndipo dhuluma inapoingia. Mwenye kutunga takhmisi hajifichi nyuma ya mwenzake, wala hamfichi. Sehemu ya huyu na ya yule hujulikana. Watunzi wengi wa tenzi hutaja majina yao na tarehe katika beti za mwisho, na wanukuzi wengi wa miswada walifanya vivyo hivyo. Karakanani, kinyume chake, sahihi imekuwa chombo cha soko. Picha zenye sahihi ya Tingatinga ambazo hakuzichora yeye zimeuzwa kwa bei kubwa, na huo ni wizi. Hakuna nadharia ya mazungumzo itakayoutakasa. Upande wa pili wa wizi huo ni ukimya. Katika jumba moja la makumbusho huko ng'ambo nilikosomea nilikuta ubao mzuri sana wa ndege wawili, chini yake kibandiko kikisema kwamba ni mtindo wa Tingatinga na kwamba msanii hajulikani, ilhali jina la fundi lilikuwa pembeni mwa picha, kwa herufi nyeupe zinazosomeka. Aliyeandika kibandiko hakudanganya kwa kusudi. Alikwisha kuambiwa kwamba watu hawa ni kundi tu.

Sheria yetu ya mwaka 1999 imetupa maneno mawili, hakimiliki na hakishiriki. Katika sheria, la pili huwahusu waimbaji na wachezaji, watengenezaji wa sauti zilizorekodiwa, na watangazaji. Wachoraji hawamo humo. Lakini neno lenyewe ni zuri kuliko kazi liliyopewa, na kama lingekuwa huru ningelichukua kwa ajili ya karakana: haki ya aliyeanza, pamoja na haki ya aliyeitikia na aliyetia rangi ya chini. Wanasheria wataniambia kwamba haipimiki. Huenda, ila mafundi wenyewe hugawana malipo ya kazi za pamoja kila siku, na ugomvi ukitokea huamuliwa na wazee wa mahali.

Kuna hatari nyingine, nayo ni ya lugha. Katika mazungumzo ya mitaani ya siku hizi usanii umepata maana ya ulaghai: mwenye ahadi za uongo huambiwa anafanya usanii. Sijui neno jingine la ustadi lililoanguka hivyo kwa muda mfupi. Fundi halikuanguka, twaweza kumtania fundi kwa kuchelewesha suruali, lakini tukisema "huyu ni fundi" twamaanisha heshima. Naona kwamba msanii alinyang'anywa mikono. Tulimfanya mtu wa jukwaani na wa matangazo, tukaacha kuuliza ametengeneza nini na nani alimfunda, na mtu asiyeulizwa maswali hayo ni rahisi kumshuku. Wachoraji wa Oysterbay, wakiitwa wasanii na wafadhili na mafundi na majirani, hubeba majina yote mawili, na la pili huwafaa zaidi.

Basi ningependa wanafunzi wetu wa fasihi na isimu watakaoziendea picha hizi waanze na kazi ndogo iliyo wazi. Kwa kila picha waandike jina la fundi kama lilivyo ubaoni, jina la aliyemfunda, ambalo yeye mwenyewe atalitaja bila kuombwa mara mbili, mwaka, nani alitia rangi ya chini, kama ni mwingine, na picha gani, ya nani, iliyojibiwa. Swali la mwisho wasiliulize kwa neno kuiga, maana mtu hatakubali. Waulize: ulimwitikia nani? Wazee waliokuwa vijana wakati wa kuundwa kwa ushirika mwaka 1990 wamekuwa watu wazima sana, na mikono ya wale sita wa kwanza haitambuliwi kwa yakini ila na waliokaa nao karibu.